Sura ya Tano: Nyumba Inakufa, Makato Yanaendelea

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili yasiyo na mlango wa kutokea. Kaskazini liko Singidani, kusini liko Kindai. Yote ni ya chumvi, na chumvi hiyo inaeleza tabia yake: maji ya mvua hushuka kutoka kwenye miinuko ya mawe makubwa ambayo kila abiria wa basi la Mwanza ameyaona, huingia ziwani, na hayatoki tena ila kwa kunyonywa na jua na upepo. Hakuna mto wa kuyapeleka mahali pengine. Mvua za Singida ni haba, milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, na upepo wake ni mkali kiasi cha kuwaleta mara kadhaa wawekezaji wanaotaka kuugeuza kuwa umeme. Kwa hiyo miaka mingi jua na upepo hushinda. Ziwa hurudi nyuma, ardhi tambarare hujitokeza, mifugo hupita juu yake, na baada ya muda mtu huja na kamba na vigingi kupima kiwanja.

Kisha huja msimu kama wa 1997/98, au 2019/20, au 2023/24, ambapo Bahari ya Hindi imepata joto lisilo la kawaida na mvua hazijui kuacha. Ziwa lenye mto wa kutokea humwaga ziada yake. Ziwa lililofungwa hutanuka. Na kwa kuwa kingo zake ni tambarare, maji yakipanda mita moja tu huweza kusogea mamia ya mita upande wa watu.

Afrika Mashariki nzima imeshaliona jambo hili kwa kiwango kikubwa kuliko cha Singida. Mvua za mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa inapokea uhuru wake, ziliinua Ziwa Victoria zaidi ya mita 2 katika muda wa miaka mitatu. Kipimo cha Jinja kilifika mita 13.41 mwaka 1964, na rekodi hiyo ikakaa miaka 56 mpaka Mei 2020, ilipovukwa kidogo kwa mita 13.42. Mwaka 2024 ikavukwa tena. Ziwa Tanganyika nalo likawafuata watu majumbani kuanzia Gatumba hadi Uvira. Tarehe hizi zina maana kwa mtu anayekopa. Mkopo mrefu kabisa wa nyumba anaoweza kuupata Mtanzania ni wa miaka ishirini, ishirini na mitano akibahatika. Ziwa linaweza kukaa miaka thelathini bila kufanya lolote, likamshawishi mnunuzi, muuzaji, mwenyekiti wa mtaa na afisa mikopo kwamba mpaka wake ni pale wanapouona.

Ukisoma vitabu vya uchumi wa nyumba vilivyoandikwa ughaibuni, utaambiwa kwamba tatizo la nyumba kushuka thamani huku mwenyewe akidaiwa ni la nchi zenye mikopo ya nyumba. Kwa hesabu hiyo Tanzania ingekuwa salama. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, kampuni ya TMRC ya kuzikopesha benki fedha za kazi hiyo ikaanzishwa 2010, na hadi leo deni lote la mikopo ya nyumba nchini halifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Wakopaji wenyewe ni maelfu machache tu, wengi wao Dar es Salaam. Mtu akiishia kwenye takwimu hizo atadhani nyumba za Singida zimejengwa bila deni.

Zimejengwa kwa madeni mengi tu. Tofauti ni kwamba deni halijaandikwa jina la nyumba. Mwalimu wa sekondari anayejenga Mandewa hakwenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Alikwenda kuomba mkopo wa mtumishi, unaokatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliandika kwenye fomu kwamba anaongeza mtaji, na nusu ya mtaji huo ikawa kenchi na mabati. Mama anayenunua vitunguu vijijini na kuvipakia kwenye malori ya Dar es Salaam alikopa SACCOS kwa ajili ya msimu, faida ikaingia kwenye msingi, na msimu uliofuata akakopa tena ili afike kwenye linta. Hivi ndivyo miji yetu inavyojengwa: tofali kwa tofali, mkopo juu ya mkopo, familia ikihamia kabla ya dari kupigwa. Mchumi akikusanya takwimu zake ataona mikopo ya mishahara, ya biashara na ya kilimo. Nyumba hataiona.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtumishi amekopa shilingi milioni 12 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, kwa miezi 60. Rejesho lake litakuwa kama shilingi 298,000 kila mwezi, na mpaka amalize atakuwa amelipa karibu milioni 17.9. Amejenga, amehamia, na vyumba viwili vya uani amevipangisha. Baada ya miezi 24 ziwa linaingia. Ameshalipa zaidi ya milioni 7, lakini kwa kuwa miaka ya mwanzo pesa nyingi huenda kwenye riba, bado anadaiwa kama milioni 8.4. Mshahara wa mwezi ule unaingia na makato yake yale yale, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa upande wa benki ni kweli hakuna kilichotokea, maana dhamana yake ni mshahara, na mshahara haujalowa.

Mkopo huo una bima. Mkopaji aliikata siku aliposaini, ingawa wengi huiona tu kama mstari mmoja katika orodha ya makato ya mwanzo. Bima hiyo hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Nyumba ikifa, hailipi kitu. Sioni kama kuna hila hapo. Ni bidhaa ya kumlinda mkopeshaji, na mkopeshaji ana hofu na uhai wa mkopaji tu. Mikopo halisi ya nyumba, ile michache, hudai jengo lenyewe likatiwe bima. Mikopo inayojenga Singida haidai, na mwenye nyumba haikati kwa hiari yake. Bima zote nchini, ukijumlisha magari, afya, maisha na mizigo, ni kama asilimia 2 ya pato la taifa. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili masoko ya umma, majengo ya biashara na vivuko viwe na bima ya lazima. Nyumba ya kuishi haikuguswa.

Sasa turudi kwenye bei, maana ndilo jambo linaloeleweka vibaya zaidi.

Singida hakuna daftari la bei za nyumba. Mauziano mengi huandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili watatu, na kiasi kilichoandikwa si lazima kiwe kiasi kilicholipwa. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba mtaa fulani umeshuka asilimia kadhaa tangu mvua za 2020. Bei ya mdomoni haishuki kabisa. Mwenye nyumba aliyeambiwa milioni 25 kabla ya maji ataendelea kusema milioni 25 baada ya maji, na dalali hatambishia, kwa sababu dalali hana faida ya kumvunja moyo mteja wake. Atamwambia mnunuzi yupo, ila anasubiri kiangazi. Kiangazi kikifika, mnunuzi atakuwa anasubiri mavuno.

Wa kwanza kuonyesha kwamba thamani imeondoka ni mpangaji. Hana alichowekeza, hivyo anahama kwa mkokoteni mmoja, na kodi yake, iliyokuwa inasaidia rejesho, inakwenda naye. Anayefuata ni jirani aliyekuwa anajenga: anasimamisha ujenzi kwenye linta, na pagale lake linakuwa tangazo kwa kila anayepita. Halafu vyoo vya shimo vinajaa kutokea chini. Mtu ambaye hajawahi kuishi kando ya ziwa la chumvi hudhani mafuriko ni kama ya mto: maji yanakuja usiku, yanaharibu, na baada ya wiki unafagia matope na kupiga rangi upya. Maji ya ziwa lisilo na mlango hayana haraka. Yanaweza kukaa miezi, hata zaidi ya mwaka, mpaka jua liyamalize. Na yakiondoka yanaacha chumvi ndani ya ukuta. Chumvi hiyo hupanda na unyevu, hukauka, hutanuka, na kuibandua plasta kidogo kidogo. Ikifika kwenye nondo, kutu huanza. Tofali la kuchoma lisiloiva vizuri huanza kumung'unyuka kama biskuti. Fundi anaweza kupaka saruji mpya juu, na saruji hiyo itabanduka pia.

Wa mwisho kutamka ni mthamini. Mwenye nyumba anakwenda kuomba mkopo wa pili, pengine ili arekebishe uharibifu, na safari hii kiasi ni kikubwa hivyo anatoa nyumba kama dhamana. Mthamini aliyesajiliwa anakuja, anapima, anapiga picha, anauliza majirani, anaandika. Katika taarifa yake huweka thamani ya soko, na chini yake thamani ya nyumba ikilazimika kuuzwa haraka, ambayo huwa ndogo zaidi. Benki huitazama ile ya pili. Wiki mbili baadaye mwombaji anaambiwa kiasi alichoomba hakiwezekani. Kwa mara ya kwanza kuna karatasi rasmi inayosema nyumba yake imeshuka, na mara nyingi yeye mwenyewe haioni. Amelipa gharama ya uthamini kutoka mfukoni mwake, taarifa imekwenda kwenye faili la benki.

Jambo hilo hunikera kuliko riba. Riba unaweza kuijadili, kuilalamikia, kulinganisha benki na benki. Lakini mtu kulipia habari muhimu kuliko zote kuhusu mali yake, kisha habari hizo zikafungiwa kabatini kwa mtu mwingine, ni utaratibu usio na utetezi.

Kuna sababu nyingine inayoufanya mji mdogo uumie kuliko mji mkubwa. Mvua inayolijaza ziwa ndiyo hiyo hiyo inayoozesha vitunguu shambani na kukata barabara za kuvitoa. Mwenye nyumba iliyozingirwa, mpangaji wake, mteja wa duka lake na mtu ambaye angeweza kuinunua nyumba hiyo wote wanakula kutoka chungu kimoja: alizeti, vitunguu, kuku, mshahara wa serikali na pesa za wasafiri wa barabara kuu. Bei ya alizeti ilipoporomoka mwaka 2023, mkulima aliyetegemea kuuza magunia amalizie nyumba hakumaliza, na yule aliyetegemea kuuza nyumba hakumpata mkulima wa kumuuzia. Dar es Salaam nyumba ya Jangwani ikijaa maji, mnunuzi anaweza kutoka Mbezi au Mwanza au hata Muscat. Singida mnunuzi anatoka Singida. Akilowa mmoja, wote wanakohoa.

Ndiyo maana SACCOS, ambazo napenda kuzitetea, zina udhaifu hapa. Kinga ya SACCOS ni kwamba wanachama wanajuana na kudhaminiana. Katika ugonjwa au msiba kinga hiyo inafanya kazi vizuri, kwa sababu watu hawaugui siku moja. Ziwa likipanda, mkopaji na wadhamini wake watatu wanaweza kuwa wanaishi mtaa mmoja. Kamati ya mikopo inabaki na faili la watu wanne ambao hakuna hata mmoja anayeweza kumbeba mwenzake. Baada ya hapo mlango unaobaki wazi ni wa wale wanaokopesha laki tano kwa mwezi mmoja na kudai riba isiyosemeka, wanaoitwa kausha damu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 iliwataka wakopeshaji wote wawe na leseni, na Benki Kuu imekuwa ikiwaonya wananchi. Lakini mtu ambaye maji yamefika kizingitini hasomi tangazo la Benki Kuu. Anampigia simu anayetoa pesa leo.

Sheria inasemaje kuhusu kujenga hapo tangu mwanzo? Inasema mengi, na yamesemwa mapema. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa kuwa aina ya ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 hizo hizo. Wataalamu wa mipango miji wanazijua kwa moyo.

Shida ni kujua mita hizo 60 zinaanzia wapi. Pwani ya bahari ina alama yake, maji kujaa na maji kupwa, na mtu anaweza kuipima leo akarudi baada ya miaka kumi akaikuta karibu pale pale. Ziwa kama Singidani lina ufukwe mmoja mwaka wa ukame na mwingine mwaka wa El Nino, na kati ya fukwe hizo mbili pana nafasi ya mtaa mzima. Mtu aliyejenga mita 200 kutoka majini mwaka wa ukame alitii sheria. Miaka michache baadaye nyumba yake iko mita 20 kutoka majini, haijasogea hata inchi, na sasa iko kwenye hifadhi ya ziwa. Anaweza kupewa notisi ya kuondoka kwa sababu ya mazingira, na hoja itakayotolewa ni kwamba hapastahili fidia mahali ambapo hapakustahili nyumba. Nadhani njia ya haki ni kupima mita 60 kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika, kuiweka alama hiyo kwa nguzo za zege zinazoonekana, na kuzipanda mwaka wa ukame, wakati nguzo hizo zinaonekana za kipuuzi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuhamisha kaya ishirini.

Na wakihamishwa, nani analipa? Hapa uzoefu wa nchi yetu haumpi mwenye nyumba jibu moja.

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuangusha maelfu ya nyumba. Michango ilikusanywa, na Januari iliyofuata Rais Magufuli alipokwenda mkoani humo alisema wazi kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba. Kila mmoja ajijengee, michango itarekebisha taasisi za umma. Miaka saba baadaye, Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang' na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu 89. Katesh iko kilomita 65 tu kutoka Singida Mjini kwa barabara ya lami, na watu wengi wa Singida wana ndugu au mteja kule. Safari hii serikali na wadau wakajenga zaidi ya nyumba 100 Waret na kuwakabidhi waathirika bure.

Sisemi kwamba uamuzi wa Kagera ulikuwa mbaya na wa Hanang' mzuri. Hesabu za fedha hazifanani, na nyumba mia ni tofauti na nyumba maelfu. Ninachokiona ni kwamba mkopaji hawezi kupanga maisha yake kwa kutegemea rais atasema nini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imepanga vizuri kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, lakini inachotoa ni msaada. Unga, mablanketi, mahema, wakati mwingine mabati. Deni lako halimo kwenye orodha ya vitu vinavyogawiwa ghalani.

Na hata huo msaada unakuja kwa maafa yenye tarehe. Katesh ina tarehe. Rufiji na Kibiti za Aprili 2024 zina tarehe, mwezi ambao Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri watu wapatao laki mbili. Ziwa linalopanda sentimita chache kwa wiki halina siku ya maafa. Hakuna akaunti ya kuchangia inayofunguliwa kwa ajili ya ukuta unaobanduka plasta. Helikopta haiji.

Wakenya wameishi hadithi hii kwa urefu zaidi, na inafaa kuitazama. Naivasha kuna mtaa wa Kihoto, uliojengwa kwenye ardhi ambayo Ziwa Naivasha lilikuwa limeiachia. Watu walinunua viwanja, wakapata makaratasi, wakajenga nyumba za ghorofa za kupangisha wafanyakazi wa mashamba ya maua. Mwaka 2020 ziwa likarudi. Wengi walihama, maji yakapungua, wakarejea, wakapiga rangi, wakapangisha tena, na mwishoni mwa 2025 maji yakaingia tena, watu wakatolewa kwa mashua kutoka milangoni. Baringo, Nakuru, Bogoria na Turkana nayo yalipanda, na taarifa ya serikali ya Kenya ya 2021 ilihesabu kaya karibu 76,000 zilizoathirika. Kihoto inafundisha jambo moja ambalo Singida haijapata muda wa kujifunza: hasara kubwa haikuwa ya mara ya kwanza. Ilikuwa ya wale waliokopa upya kukarabati kati ya mafuriko mawili.

Marekani, nchi yenye mikopo ya nyumba kuliko karibu zote, ililichukulia suala hili kwa namna nyingine. Bunge lao liliunda mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968, na kuanzia 1973 mkopo wa nyumba wenye mkono wa serikali kuu, ukiwa ndani ya eneo lililochorwa kuwa la mafuriko, haukuruhusiwa bila bima hiyo. Mpango wenyewe una madeni ya mabilioni na ramani zake zinalalamikiwa kila mwaka. Mei 2023 kampuni kubwa ya bima, State Farm, ilisimamisha bima mpya za nyumba California kwa hofu ya moto. Wenye nyumba wanalia, na wana haki ya kulia. Hata hivyo ada ya bima inapopanda, kila mtu anaisikia: mnunuzi anaiuliza, muuzaji anapunguza bei, hatari inaingia kwenye mazungumzo ya pesa. Singida hatari inaingia kwenye mazungumzo ya pesa siku ya mnada.

Mnada nao unahitaji maneno yake, kwa kuwa watu huuogopa bila kuujua. Ikiwa nyumba imewekwa rehani kisheria, mkopeshaji lazima atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, rehani hiyo haisimami bila ridhaa ya mwenza, na wake wengi wameokoa paa mahakamani kwa kuonyesha kwamba sahihi iliyotumika si yao. Tena, anayeuza kwa rehani ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Akiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mahakama itaanza kwa kudhani amekiuka wajibu wake, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo.

Kinga hii ya mwisho ni nzuri mpaka maji yafike. Soko linalotumika kama kipimo ni la nyumba zinazofanana na yako. Nyumba zinazofanana na yako ni za jirani, nazo ziko majini. Bei ya mnada ikishuka pamoja na bei za mtaa mzima, sheria haioni ubaya wowote, na pengo kati ya mnada na deni linabaki kuwa deni lako binafsi. Anayenunua ni mwenye pesa taslimu na subira. Ananunua msimu wa maji, anaacha nyumba ikae, na miaka mitano baadaye, ardhi ikiwa kavu na nyeupe kwa magadi, anakata viwanja na kuuza. Hajavunja sheria yoyote. Wanunuzi wake watakuwa vijana walioajiriwa juzi.

Kwa hao vijana, na kwa yeyote anayefikiria kiwanja upande wa ziwa, maswali ya kuuliza ni machache na hayahitaji mtaalamu. Muulize mzee wa pale, asiye na kiwanja cha kuuza, maji yalifika wapi mwaka wa El Nino ile ya 1998. Tazama kuta za nyumba za jirani futi mbili kutoka chini. Tazama miti iliyokufa wima. Waulize wapangaji kabla ya wenye nyumba. Muulize dalali mbona kiwanja chenye mandhari nzuri hivi hakijauzwa miaka yote. Na ukikopa kwa dhamana ya nyumba, andika barua ya kuomba nakala ya taarifa ya mthamini uliyoilipia. Wakikataa, umejua jambo jingine kuhusu benki hiyo.

Kwa ambaye ameshajenga na maji yanakuja, ushauri ni mgumu zaidi, na watu wa vikao vya familia huutoa vibaya. Humwambia avumilie, nyumba haiozi. Kwa hesabu, akipata wa kumpa hata nusu ya alichotumia wakati sakafu bado kavu, nusu hiyo ikipunguza deni la riba ya asilimia 17 itamfaa kuliko kusubiri bei kamili ambayo haiji. Watu wachache wanaweza kulifanya hili. Nyumba ina kaburi la mama uani, au ndiyo kitu pekee ambacho ukoo mzima unakitaja kama mafanikio ya mtoto wao.

Wengi hufanya kitu cha katikati: wanaezua. Mabati, mbao za kenchi, milango, madirisha na hata masinki hubebwa kwenye kirikuu hadi kiwanja cha mlimani, na kuta huachiwa ziwa. Ni busara, kwa sababu vitu hivyo ni sehemu kubwa ya pesa iliyolala kwenye nyumba. Lakini kama nyumba iko kwenye rehani, basi paa na milango ni sehemu ya dhamana, na kuvihamisha bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa kuwa kuvunja mkataba, hata kama ungeviacha vingeoza. Kwa hiyo kabla fundi hajapanda juu, nenda kwa mkopeshaji na picha za maji na barua ya mtendaji wa kata, omba kwa maandishi kibali cha kuhamisha vifaa, na katika barua hiyo hiyo omba muda wa marejesho urefushwe. Mkopeshaji anayejua kwamba kesho atabaki na kuta za chumvi tu ana sababu ya kukusikiliza leo. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.